TAHADHARI: Shokapu za nyuma za ATV zilizokufa zinauzwa kama mpya

Kwa wote wenye ATV (pikipiki ya magurudumu manne), iwe ya shamba, ya kukodisha watalii Nungwi, Paje au Diani, au ndogo ya mtoto pale nyumbani: ukitafuta shokapu ya nyuma, usitoe hata shilingi kabla springi haijatolewa na rodi, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, haijajaribiwa peke yake. Sokoni na mtandaoni zinazunguka shokapu zilizokwisha kufa. Zimeoshwa, zimepakwa rangi, zimejazwa mafuta mazito, na zinauzwa kwa bei ya mpya au kwa jina la "yuzi ya Dubai", yaani iliyotumika huko. Ukiibonyeza dukani unaridhika. Ukiendesha kwenye makorongo nusu saa, mkia wa pikipiki unaanza kurukaruka kama hauna shokapu kabisa.

Ujanja wote umejengwa juu ya jambo moja. Springi inabeba uzito, na mafuta yaliyo ndani ya mwili wa shokapu ndiyo breki ya springi: bila hayo, springi ikishakandamizwa inarusha juu kila kitu ilichobeba. Sasa muuzaji anasimamisha shokapu sakafuni, anailalia kwa kifua, inashuka kidogo na kurudi, kisha anakuambia "unaona ilivyo ngumu?" Ule ugumu ni wa springi tu. Shokapu isiyo na tone la mafuta ndani ingefanya vivyo hivyo mbele ya macho yako.

Njia inayotumika sana ya "kufufua" ni kutoboa tundu kwenye mwili, kusindilia mafuta ya giaboksi, mara nyingi SAE 90, kuchomelea tundu, kulisaga na kupiga rangi. Madhara yake ni haya. Shokapu hutengenezwa kwa mafuta mepesi, ya kundi la 5W au mepesi zaidi, yapite haraka kwenye matundu madogo ya pistoni. Mafuta mazito hayapiti, kwa hiyo nyuma ikishashuka hairudi kwa wakati. Shimo la pili linaikuta bado iko chini, la tatu inagonga chuma kwa chuma na mgongo wako ndio unaopokea. Baadaye mafuta yanapata moto, yanalegea, na breki inapotea. Isitoshe, rodi inapoingia ndani inahitaji nafasi. Kazi hiyo hufanywa na gesi, kwa kawaida nitrojeni, ambayo hubanwa ili kuipisha rodi. Ukijaza mwili mafuta mpaka juu bila gesi, rodi haina pa kwenda: ama inagoma katikati ya mwendo, ama inasukuma sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje, itoke. Ukiacha hewa ya kawaida badala ya gesi yenye shinikizo, pistoni inachapa mafuta mpaka yanakuwa povu, na povu halizuii kitu. Juu ya hapo, moto wa kuchomelea huwa umeshaikaanga ile sili ya mpira.

Na nyinyi mafundi, tafadhali: usichomelee mwili wa shokapu ambao hujahakikisha hauna gesi. Chuma kilichofungwa, chenye mafuta na shinikizo ndani, kikipata moto kinaweza kupasuka usoni mwako.

Namna ya kuikamata: chukua tochi ya simu, imulike kwa ubavu, mwanga ulale juu ya mwili wa shokapu, kisha izungushe polepole. Kiraka cha kuchomelea kinaonekana kama uvimbe mdogo wa mviringo, au sehemu iliyokuwa duara na sasa imekuwa bapa. Pitisha kidole gumba. Bandua stika, kwa sababu stika hubandikwa hapo hapo makusudi. Tazama rangi ilikoingia: kiwandani hawapaki rangi juu ya mpira wa bushi zilizo kwenye matundu ya bolti, wala hawaijazi kwenye nyuzi za nati ya kukaza springi. Mwili unaong'aa huku bushi zimepasuka ni ishara tosha ya kuirudisha mezani.

Halafu njoo kwenye rodi, hasa ukiwa pwani. Chumvi ya bahari na mchanga mbichi hula kromu na kuacha vidoa vya kutu vyenye mashimo. Juu ya rodi kuna raba ya kuzuia mgongano. Isukume itoke mahali pake utazame chini yake, kwani maji ya chumvi hukaa hapo na muuzaji hapasafishi. Sasa pitisha ukucha kutoka juu mpaka chini, pande zote nne. Ukucha ukinasa, hata kwa shimo dogo kama ncha ya pini, rodi hiyo itakata sili yoyote utakayoweka, hata ikiwa mpya kutoka kwenye pakiti. Wengine huziba mashimo kwa gundi ya chuma na kusugua kwa msasa. Utaona nukta za kijivu zisizong'aa. Kama hapo ndipo sili inapopita, usiinunue kwa bei yoyote.

Jaribio lenyewe ni fupi. Zile zenye nati ya nyuzi, unailegeza kwa spana ya ndoano mpaka springi iwe huru na kikombe chake kitoke. Zile zinazokazwa kwa ngazi badala ya nati zinahitaji kibana springi. Usikubali mtu akalie springi au aifunge kwa waya, maana ikichomoka inavunja taya. Springi ikishatoka, sukuma rodi ndani mpaka mwisho, uiachie. Shokapu ya gesi hutoa rodi yenyewe, taratibu, bila kusita. Ikibaki ndani, gesi haipo. Zile za bei ndogo zilizotengenezwa bila gesi yenye shinikizo hazirudi zenyewe, na hilo si kosa kwao, lakini zote lazima zifaulu hatua inayofuata: simamisha wima kama inavyokaa kwenye pikipiki, sukuma na kuvuta mara 10 mfululizo. Uzito uwe wa namna moja mwendo mzima. Ukihisi pengo, yaani rodi inateleza bure milimita kadhaa kila unapogeuza mwelekeo, mafuta yamepungua au yana hewa. Ukihisi inakwama mahali pamoja, rodi imepinda au mwili umebonyea. Muuzaji asiyekuruhusu kutoa springi, ondoka.

Stika za "1000LB" na "1200LB" nazo zinawapotosha wengi. Utaambiwa shokapu inabeba pauni 1000, karibu kilo 450. Namba hiyo, hata ikiwa ya kweli, inasema kitu kingine: nguvu inayohitajika kukandamiza springi kwa inchi moja. Tena mara nyingi haiwi ya kweli, kwani springi ileile inabandikwa 800 leo na 1200 kesho. Ugumu wa springi hutokana na unene wa waya, kipenyo cha mzunguko na idadi ya mizunguko. Unene ndio unaotawala: waya ukitoka milimita 10 kwenda 11, mengine yakiwa sawa, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Kwa hiyo mbele ya "800" na "1200" pima waya kwa kalipa. Ukikuta unene, kipenyo na mizunguko ni sawa kabisa, mojawapo ya stika inadanganya. Kwa kipimo cha haraka, springi ya chuma yenye waya wa milimita 10, kipenyo cha kati cha milimita 60 na mizunguko 6 inayofanya kazi ina takriban pauni 435 kwa inchi. Anayekuuzia ya namna hiyo kwa jina la 1000 anakuuzia karatasi.

Vikopo vya pembeni vile vya rangi nyekundu au dhahabu, kwenye shokapu nyingi za bei ya chini ni pambo. Ndani hamna njia ya mafuta wala gesi. Kikopo cha kweli huwa na mahali pa kujazia gesi, ama vali kama ya tairi chini ya kifuniko, ama kizibo cha mpira cha kuingizia sindano. Usibonyeze vali hiyo kujaribu! Ndani mara nyingi kuna shinikizo la psi 100 mpaka 300, na gesi ikishatoka umeiua shokapu nzima kwa mkono wako. Kuona kama ipo kunatosha.

Kuhusu vipimo, usimwachie muuzaji akuambie "inaingia". Pima ya zamani kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, pikipiki ikiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Pima pia kipenyo cha bolti na upana wa bushi. Kwenye ATV nyingi za shokapu moja, kama Raptor, gurudumu hutembea takriban mara 2 hadi 3 ya rodi, hivyo shokapu iliyozidi milimita 20 inainua nyuma kwa 40 hadi 60: cheni inabadilika mkazo na pikipiki inakuwa rahisi kupinduka. Zile za shokapu mbili, kama Grizzly au Outlander, nunua jozi. Mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili zitakuvuta kwenye kona.

Wapo pia mafundi wanaoiua shokapu kwa mdomo ili wakuuzie nyingine. Kabla hujakubali, inua fremu kwa jeki, shika ekseli ya nyuma uitikise juu na chini. Mlio wa "kok" wenye mchezo mdogo mara nyingi ni bushi au beringi za mkono wa nyuma unaoshika ekseli, kitu cha bei ndogo sana kuliko shokapu. Utando mwembamba wa mafuta kwenye rodi ni wa kawaida. Michirizi inayoshuka mwilini na kunasa vumbi ndiyo kuvuja.

Wa mtandaoni, mwambie akutumie video siyo picha: shokapu ikiwa bila springi, futikamba imelazwa kando, na kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo anaimaliza kazi hiyo kwa dakika tano. Anayesema "tuma ya kushikia kwanza, kuna mteja mwingine njiani" hana mzigo. Jina linalotokea kwenye simu unapotuma pesa likiwa tofauti na alilokupa, sitisha. Picha ya risiti ya basi nayo haithibitishi kitu. Piga simu ofisi ya basi mwenyewe, uulize namba ya mzigo.

Ukiwa umeshaibiwa, peleka namba ya tapeli kwenye 15040 kwa Tanzania, au sambaza ujumbe wake kwenda 333 kwa wa Safaricom Kenya, kisha ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa muamala. Shokapu yenyewe usimpe fundi aikate kuangalia kilichomo. Piga picha kiraka, stika na rodi, ifunge kwenye mfuko na risiti yake, kwa sababu ikishafunguliwa muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu.