Nano-X na mausi: mapitio ya mfumo mdogo wa madirisha

Nano-X, ulioanzishwa na Greg Haerr kwa jina la Microwindows, ni mfumo wa madirisha wa bodi ndogo za Linux zisizoweza kubeba X, mfumo mkubwa wa madirisha uliozoeleka kwenye Linux. Hapa tumepima jambo moja tu, jinsi unavyopokea mausi. Kiini chake ni safi sana; usumbufu mwingi hutokana na kifaa utakachokiunganisha nacho.

Draiva nzima, yaani msimbo unaounganisha mausi na mfumo, ni muundo mmoja wa lugha ya C, MOUSEDEVICE, wenye kazi chache: kufungua, kufunga, kutaja vitufe, kutoa kasi ya awali na kusoma. Kazi ya kusoma, Read, hurudisha 0 kama hakuna data, 1 ikileta kiasi cha kusogea, na 2 ikileta mahali penyewe, kama ilivyo kwa skrini ya kugusa. Unaandika draiva mpya bila kuichokonoa seva, yaani programu kuu ya Nano-X. Huo ndio uzuri wake mkubwa.

Njia ya zamani ya kupata data ya mausi ni gpm, programu ya mausi ya Linux, iliyowashwa kwa -R, ikipitisha data kwenye /dev/gpmdata. Hatuipendekezi tena, maana gpm ikizima, mausi nayo imekwisha. Tumia /dev/input/mice. Humo keneli, yaani kiini cha Linux, huchanganya mausi zote za USB na PS/2 (aina ya zamani) na kuzitoa kwa pakiti za PS/2 za baiti 3. Keneli iwe na CONFIG_INPUT_MOUSEDEV, na seva iwe na ruhusa ya kusoma faili hilo.

Lifungue kwa O_NONBLOCK, yaani kusoma bila kusubiri. Ukisahau, Read itasubiri mausi isogezwe, na kwa kuwa seva hiyohiyo ndiyo inayohudumia kibodi na programu zote, kila kitu kitaganda. Kisha kagua baiti ya kwanza: biti namba 3, ukihesabu kuanzia 0, lazima iwe 1. Isipokuwa 1, tupa baiti moja na uanze upya, la sivyo kishale kitarukaruka na vitufe vitajibonyeza vyenyewe. Geuza pia alama ya Y, kwa sababu kwenye PS/2 kupanda juu ni chanya, ilhali kwenye skrini Y huongezeka kwenda chini.

Gurudumu ndilo huwaangusha wengi. Ukiandika amri za kuliwasha, 0xF3 200, 0xF3 100, 0xF3 80, pakiti zinakuwa za baiti 4, na msimbo unaosoma 3 unavurugika. Jibu la 0xFA, la kukiri kupokea amri, nalo lina ile biti ya 3, kwa hiyo hupita ukaguzi wako kana kwamba ni mwendo halali. Lisome ulitupe kwanza.

Kasi ya awali, kizingiti 5 na kizidisho 3, ni kali mno kwa skrini ya 320x240: sehemu ya msogeo inayozidi kizingiti huzidishwa, hivyo msogeo wa 10 unakuwa 5 + (5 × 3), yaani 20. Weka kizidisho 1.

Upande wa programu, omba matukio ya MOUSE_POSITION, yanayoleta mahali pa mwisho tu. MOUSE_MOTION huleta kila hatua na kujaza foleni. Liache kwa programu za kuchora.

Kasoro moja inabaki. Kishale huchorwa na seva yenyewe, ikihifadhi pikseli zilizo chini yake, hivyo programu inayoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini itaacha madoa. Ficha kishale kabla ya kuiendesha.