Kupanga ghala: kwa aina au kwa kasi ya kutoka?

Kwenye ghala la jumla, muda mwingi wa kukusanya oda huishia kwenye kutembea. Hapo kupanga kwa kasi ya kutoka, yaani zinazouzwa sana zikae karibu, kunashinda: sukari na unga kwenye paleti karibu na mlango wa kupakia, katoni za sabuni usawa wa kiuno hadi kifua, rafu za juu za kupandia ngazi zibaki kwa bidhaa zinazolala, zisizotoka sana. Ila njia hii inadai kazi, maana madaftari hutoka sana Januari na kupoa Machi, na kila mara ni kuhamisha mizigo upya.

Kupanga kwa aina ni rahisi kutunza. Hata kibarua mgeni huzoea upesi. Tatizo ni saizi zinazofanana zikikaa bega kwa bega: mtu hubeba nusu lita akidhani lita.

Rafu na lebo ni zilezile kwa njia zote mbili. Bidhaa chache, vibarua wa kubadilika? Aina. Oda ndogondogo nyingi, na rekodi za mauzo unazo? Kasi.