Vyombo vyangu vya taarab kutoka London mpaka Unguja: kampuni ya mizigo naipa nyota mbili na nusu

Assalaam alaykum wapiga vyombo wenzangu, khasa nyie mnaojiandaa kurudi nyumbani. Mie nimekaa London miaka 11 na mwaka jana nikarudi Unguja moja kwa moja. Makochi, tivi, vyombo vya jikoni vyote niligawa, ila ganuni (ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), klarineti, udi, fidla na akodiani ya Kitaliana aliyoniachia marehemu baba hivyo sigawi, hata kwa dawa. Udi nlipanda nao mkononi, nlilipigia simu shirika la ndege mapema wakanikubalia. Fidla nikamwachia dada angu. Vitatu vilobaki ndo nikatafuta kampuni ya kusafirisha mizigo, na jina lao hapa silitaji manake shauri letu la bima bado halijaisha.

Nianze na zuri lao, kwa haki. Kijana alokuja kuchukua mzigo alikuwa anaijua kazi yake. Ganuni aliitengenezea kreti ya mbao palepale, akaweka sponji pande zote hata ukiitikisa haichezi ndani. Mie mwenyewe usiku wake nlikuwa nshalegeza nyuzi zote 78, kila moja nikaishusha kama sauti moja hivi basi. Usilegeze mpaka mwisho jamani! Daraja la ganuni linakaa juu ya ngozi na linashikiliwa na mkazo wa nyuzi, ukizilegeza zote kabsa linahama na ukifika huku unaanza upya. Nikatia na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vingi, manake kontena mchana juani linakuwa tanuri na usiku likipoa maji yanajifanya kwenye dari yanadondokea mizigo. Ganuni imefika nzima, namshukuru Mungu, na yule kijana namuombea dua mpaka leo.

Ofisini kwao sasa ndo mambo mengine. Kwanza klarineti. Waliposikia ni ya mpingo wakasema mti unalindwa na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, lazima nitafute kibali, mzigo ukasimama wiki nzima. Mpingo ni mti wetu wenyewe, wa Kilwa na Lindi huko, unakwenda Ulaya ukawa klarineti na zumari, na mie sasa nazuiwa kuurudisha kwao! Kweli mwaka 2017 jamii yote ile ya miti iliingizwa kwenye orodha ya kulindwa, lakini tangu Novemba 2019 chombo cha muziki kilokwisha kutengenezwa kwa mpingo hakihitaji tena kile kibali. Nikawachapia karatasi nikawapelekea mwenyewe ndo wakanielewa. Kampuni inayojitangaza kuwa inasafirisha vyombo vya muziki ilitakiwa iwe inalijua hili kabla yangu. (Kama chombo chako kina pembe za ndovu au ule mti wa Brazil wa jamii hiyohiyo ya mpingo (Brazilian rosewood) ambao wenyewe unalindwa zaidi, hapo habari nyengine, kibali kweli utatafuta.)

Pili muda. Nlichukua nafasi kwenye kontena la kuchangia, yani mizigo ya watu wengi inajaza kontena moja na unalipa kwa nafasi unayokula. Waliniambia wiki 8. Mzigo umefika wiki ya 15. Sehemu ya hapo siwalaumu, tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zilikuwa zimeikimbia Bahari ya Shamu kwa ajili ya mashambulizi zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule chini Afrika Kusini, njia ndefu. Ila nlikuja kujua baadae kwamba wiki 5 za mwanzo kontena lilikuwa liko ghalani Uingereza linasubiri lijae, na mie kila nikipiga simu naambiwa "liko baharini kaka usiwe na wasiwasi". Hili ndo limeniuma kuliko yote. Ungenambia ukweli ningevitoa vyombo mie nitafute njia nyengine.

Na kuchelewa huko si maneno matupu, kuna hasara yake. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakusamehe ushuru wa vitu vyako vya kutumia unapohama, lakini vifike ndani ya siku 90 tangu ulipofika wewe. Mie nlitangulia, kontena likaingia bandari ya Malindi hapa Unguja nina siku 98. Ikabidi niandike barua ya kuomba niongezewe muda, nikakubaliwa alhamdulillahi, lakini siku zile zote mzigo umelala bandarini na unalipiwa. Ajenti wangu wa hapa Unguja alihangaika nao vizuri, na kilichonisaidia ni orodha nlokuwa nayo: kila chombo na picha yake, namba yake na mwaka nlioupata. Fanyeni orodha hiyo mapema.

Sasa akodiani. Nlipofungua kasha nikaivuta, sauti nane hazipo na nyengine zinakoroma. Ndani ya akodiani za Kitaliana zile bati ndogo zinazotoa sauti zimegandishwa kwa nta, na nta ikikaa kwenye joto wiki na wiki inalegea, bati zinaanguka. Juu ya hilo walivyolipanga sanduku lilikuwa limelala, wakati nlibandika karatasi kubwa isimame kama inavyokaa ikipigwa, ili vile vigozi vya ndani visining'inie. Nlikaa nayo sebuleni nikalia, sioni haya kusema, manake ile ndo sauti ya baba.

Bima nlilipa. Wakanijibu mambo mawili: akodiani nliifunga mwenyewe kwenye kasha lake kwa hiyo wao haiwahusu, na madhara ya joto na unyevu hayamo. Nimesoma mkataba, maandishi madogo ukurasa wa nne, yamo kweli. Lakini siku nalipa yule dada wa ofisini alinambia kwa mdomo wake "bima inashika kila kitu". Kwa hiyo nyie muulizeni akuandikie kwa imeli, na kila kitu mwachie afunge yeye hata kama kina kasha lake zuri, halafu kama una akodiani usiipe kontena kabsa, ilipie ndege.

Fundi nimempata hapa mjini, mzee mmoja mpigaji wa zamani. Anayeyusha nta ya nyuki ya Tabora anachanganya na ile dawa ya kupaka upinde wa fidla, anagandisha bati moja moja. Kashamaliza upande wa kulia na sauti imerudi vilevile, upande wa besi ananipa baada ya Idi.

Nyota mbili ni za yule kijana na kreti yake, nusu ni kwa sababu klarineti imefika bila hata mkwaruzo. Ile fidla ya kwa dada, mtoto wake anakuja Disemba, ataibeba mkononi.