Shafti mpya ya usukani wa kwadi: miezi mitano tangu niifunge mwenyewe

Kwadi yangu, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ni ya Kichina, 150cc, gia otomatiki. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliyekuwa akiikodisha kwa watalii hapa Paje, Zanzibar. Kwangu kazi yake ni kubeba magunia ya mwani wa mke wangu kutoka pwani maji yakishakupwa. Kwa hiyo kila kukicha inakanyaga chumvi.

Tatizo lilianza kwa usukani kukaa upande: magurudumu yanatazama mbele, usukani unatazama kushoto. Nililaumu tairodi, zile fimbo mbili za chuma zinazounganisha usukani na magurudumu ya mbele, nikazikaza, wapi. Fundi wa mtaani akavua plastiki ya mbele akanionyesha. Shafti, yaani lile bomba refu linaloshuka kutoka kwenye usukani hadi chini zinapofungwa tairodi mbili, ilikuwa imejisokota, na karibu na mwisho wake kuna kovu la kuchomelewa zamani. Aliyeniuzia hakulitaja. Fundi akasema ataichomelea tena, nusu saa tu. Nikamwambia, "Hapana kaka, hii ikikatika nina magunia nyuma, nitakayeokotwa ni mimi."

Nikaagiza mpya kwa duka moja Kariakoo, Dar. Niliwatumia picha ya kwadi tu, na hilo lilikuwa kosa langu. Iliyokuja na boti ilikuwa fupi kwa vidole vitatu. Shafti za hizi kwadi za Kichina ukiziona kwenye picha ni mapacha, ukizishika mkononi kila moja na ukoo wake. Pima urefu wote, pima kutoka chini hadi pale inaposhikwa na bushi, ile pete ambayo shafti inazunguka ndani yake, na pima unene wa ncha ya chini yenye nyuzi za nati. Nilipotuma vipimo hivyo vitatu, ya pili ilikaa sawasawa. Kubadilisha walikubali, nauli ya boti nikalipa mimi mara mbili.

Kufungua ndiko kulikonitoa jasho. Nati ya chini, iliyozuiwa na pini ya miguu miwili, ilikuwa imeoza kwa kutu. Niliimwagia mafuta ya kulainishia jioni, nikalala, asubuhi ikakubali. Ncha za tairodi usizipige nyundo juu ya nyuzi. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha, kisha gonga ubavu wa tundu lililoishika, itaachia yenyewe. Mpwa wangu alikuwa na haraka, akapiga juu, na ncha moja ikabidi tununue mpya. Mimi nilivunja kikucha cha plastiki ya taa, kwa hiyo tukawa sare.

Shafti yenyewe nimeipenda. Bomba lake ni nene kuliko la zamani, na weldi ya bamba la tairodi imejaa, haina matundu. Ila bushi za nailoni zilizokuja nayo ni takataka. Baada ya wiki sita usukani ulianza kucheza mbele na nyuma kama jino bovu. Nilipeleka kipimo kwa fundi wa kukereza mjini, akanikatia jozi ya nailoni ngumu. Tangu hapo haijacheza. Kama ungekuwa unaniuliza mimi, ningekwambia bushi za kwenye paketi usizifunge kabisa, nenda kwa mkerezaji siku hiyo hiyo.

Kabla ya kurudisha plastiki, washa injini kwadi ikiwa imesimama, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto. Mlio wa injini ukipanda, waya wa mafuta umepita pabaya na unavutwa na usukani. Wangu ulipanda nilipokata kushoto. Nilikuwa nimeupitisha nyuma ya shafti badala ya mbele. Ningeondoka hivyo hivyo, kona ya kwanza ingenipeleka kwenye ukuta wa mtu.

Halafu kuna kunyoosha magurudumu, ambako wengi wanaacha. Shafti mpya imekaa, wewe unafurahi, kumbe tairi moja inatazama Jambiani na nyingine Bwejuu, vijiji vya pande mbili za Paje. Niliweka alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, nikapima kwa futi upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Tofauti ilikuwa sentimita nne! Tairodi huzungushwa yenyewe baada ya kulegeza nati zake mbili, na nati moja kati ya hizo ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo ikikataa usiilazimishe, jaribu kuzungusha upande wa pili kwanza. Niliacha mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita tano hivi, na sasa kwadi inakwenda mstari hata nikiachia mkono mmoja.

Kazi yote ilinichukua Jumamosi nzima na asubuhi ya Jumapili, kwa soketi za kawaida, nyundo na jeki ya gari ya kukopa. Pini ya nati ya chini nilinunua mpya, ile ya zamani ikikunjuliwa mara moja hukatika.

Mwezi huu nimeona rangi ya shafti imeanza kuvimba pale kwenye weldi, chumvi imeshaingia. Nimeikwangua, nimeipaka rangi ya boti na grisi juu yake.