Siku Mbili za Fasihi na Falsafa: Tathmini ya Kongamano la Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu

Nilihudhuria kongamano hili jijini Dar es Salaam nikiwa msikilizaji aliyelipa ada kamili, si mwandaaji wala mtoa mada. Ninaandika kwa ajili ya mwanafunzi anayejiuliza kama nauli, malazi na ada ya usajili ni gharama inayostahili. Chuo kilicholiandaa sitakitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziona kwingine pia.

Mada kuu ilikuwa uhusiano wa fasihi na falsafa, lakini ratiba iliyobandikwa mlangoni iliniondolea matumaini hata kabla sijaketi. Wanafasihi walipangiwa ukumbi wa chini na wanafalsafa ukumbi wa juu, saa zile zile, kana kwamba ni mikutano miwili inayochangia birika moja la chai. Ufunguzi ulichelewa kwa saa moja na nusu tukimsubiri mgeni rasmi, na muda huo ulifidiwa kwa kufuta maswali. Huko chini makala tatu zilijadili Kichwamaji, riwaya ya mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, na zote zilitaja udhanaishi, yaani falsafa inayohoji maana ya kuwepo kwa binadamu, na kuuthibitisha kwa kifo cha mhusika mkuu, Kazimoto, anayejiua, bila yeyote kuuliza kama kukata tamaa kwake ni hoja inayoweza kupingwa au ni hali ya mhusika tu. Huko juu, kama nilivyosimuliwa wakati wa chakula, walijadili mahojiano ya mwanafalsafa Mkenya Odera Oruka na wahenga wa Kenya, wala hapakuwa na mwanafasihi wa kuuliza maneno ya wahenga hao yalipoteza nini yalipohamishiwa katika Kiingereza.

Swali hilo la lugha lilituhusu hata sisi. Makala nyingi kuhusu riwaya za Kiswahili zilisomwa kwa Kiingereza, dondoo zikiwa zimetafsiriwa, mbele ya watu ambao karibu wote walizungumza Kiswahili mara tu walipotoka nje. Katika kikao kimoja neno “utu” lilipewa tafsiri tatu tofauti, na hoja nzima ya mtoa mada ilikuwa imesimama juu ya neno hilo.

Asubuhi ya siku ya pili projekta ya ukumbi wa juu iliharibika, ikabidi wanafalsafa washuke kwetu. Hapo ndipo kongamano lilipoanza. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu alikuwa akiwasilisha makala juu ya Nagona, riwaya fupi ya Kezilahabi ya mwaka 1990, na mwanafalsafa mmoja akamuuliza kama riwaya hiyo si utekelezaji tu wa tasnifu ambayo mwandishi huyo aliiandika Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985. Mtoa mada alikataa, na jibu lake ndilo lililonifanya nisijutie nauli. Alisema kwamba tasnifu ililazimika kuihoji falsafa ya Magharibi kwa lugha na taratibu za chuo kikuu cha Magharibi, ilhali riwaya ingeweza kuziacha taratibu hizo kabisa, ikamtupa msomaji katika ulimwengu usio na mpangilio wa kawaida wa matukio, hivyo ikatenda kile ambacho tasnifu iliweza kukieleza tu. Mpinzani wake hakuridhika, akadai kwamba hoja isiyoweza kuelezwa nje ya riwaya haiwezi kupimwa. Kanuni ilikuwa dakika kumi na tano kwa kila makala, lakini mwenyekiti wa kikao, kwa busara yake, aliuacha mjadala uendelee kwa zaidi ya nusu saa.

Huduma nyingine zilikuwa za wastani: pilau ilikuwa nzuri, kitabu cha ikisiri kilikuwa na makosa mengi ya uchapaji, na vyeti vya ushiriki vilichelewa. Kwa anayeandaa pendekezo la utafiti ningemshauri aende, hasa akiwa tayari kuwafuata watoa mada nje ya ukumbi, maana huko ndiko maswali yaliyofutwa yalikokuwa yakiulizwa.

Mwishoni tulipewa fomu ya maoni yenye nafasi ya mistari miwili. Niliwaomba waandaaji kwamba mwakani projekta ya ukumbi wa juu isitengenezwe.