Vanishi ipi ununue ili kigari chako king'ae: chaguo zangu kwa watu wa Lubumbashi

Kiweke kigari chako cha kuunda karibu na dirisha, uinamie boneti. Nondo za dirisha zikionekana humo zimenyooka, kazi imekubali. Zikionekana zimepindapinda, rangi imekauka na vijitundu kama ganda la chungwa, na dawa yake ni vanishi nzuri pamoja na msasa. Basi hapa nazungumza na mtu mwenye kigari cha plastiki cha kipimo cha 1/24 (mara 24 kidogo kuliko gari lenyewe) na pesa ya kununua vanishi moja tu.

Ya kwanza kwangu ni laka (vanishi yenye kiyeyusho kikali) ya kopo la kupuliza, TS-13 ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya vigari. Ni kopo la mililita 100, nami linanitosha vigari viwili. Haihitaji kompresa, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea na kazi. Inakauka upesi, na ikishakauka barabara inakubali kusuguliwa mpaka iwe kioo. Shida ni kuipata. Rangi ya kopo ina gesi na vimiminika vinavyoshika moto, hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Usimwombe shangazi anayetoka Bruxelles akufichie kwenye sanduku. Agiza kwa wanaotoka Afrika Kusini kwa barabara kupitia Kasumbalesa, tena agiza makopo mawili kwa mpigo. Jihadhari na stika za maji, zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, maana laka inazila. Mipulizo miwili ya mwanzo iwe kama umande, uiache ikauke, ndipo upulize tabaka zito, linaloonekana kama limelowa.

Ya pili ni vanishi ya magari yenyewe, ile inayochanganywa na dawa ya kukazia. Kwa mng'ao peke yake ingekuwa ya kwanza, na hapa mjini ndiyo rahisi kuipata: wauza rangi za magari wanayo, na fundi wa garaji anaweza kukupimia kidogo kwenye kikombe. Mara nyingi ni vipimo viwili vya vanishi kwa kimoja cha dawa, lakini fuata maandishi ya kopo lako. Ukishachanganya, itaganda ndani ya kikombe, kwa hiyo usinunue zaidi ya unachopuliza siku hiyo. Pia ni nzito. Ukizidisha, mistari ya milango inajaa na kigari kinakuwa kama pipi iliyolambwa.

Kilichoishusha kwangu ni mapafu. Dawa ile ya kukazia huwa na kemikali iitwayo isosianati, na mtu akiivuta inaweza kumwachia pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke huo. Wengi wetu tunapulizia barazani huku wadogo zetu wanacheza pembeni. Kwa vanishi hii, tafadhali, usifanye hivyo. Kama huna barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, mlipe fundi mwenye vifaa akupulizie siku anayopuliza gari la mteja, nawe simama mbali.

Ya tatu ni kopo la kawaida la duka la vifaa vya ujenzi, lililoandikwa *vernis acrylique brillant* (vanishi ya akriliki ya kung'aa). Bei yake ni nafuu na linapatikana karibu kila mahali, ila ubora hautabiriki: kopo moja linapuliza ukungu laini, lingine linatema matone. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichokipaka rangi ileile ya kigari. Mimi sikujaribu. Nilikuwa nimepaka kigari cha Toyota Celica kwa rangi nyekundu ya mafuta, nikapuliza vanishi ya namna hii juu yake, na mbele ya macho yangu paa likajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kiyeyusho chake kikali kilikuwa kimeingia chini na kuivimbisha rangi. Rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya laka iliyokauka. Laka, au vanishi yenye kiyeyusho kikali kama hii, juu ya rangi ya mafuta, kamwe.

Ya nne ni vanishi ya maji, kama ile ya Vallejo kutoka Hispania. Haishiki moto, kwa hiyo hii shangazi anaweza kuibeba. Ila inabaki laini, na ukiisugua inafanya bongebonge. Inunue kama kigari ni cha mtoto, au kama unapulizia ndani ya chumba unacholala.

Vanishi ya mbao iache dukani. Mara nyingi inageuka njano, na gari jeupe litafanana na kikombe cha chai kisichooshwa.

Laka inasumbuliwa pia na majira. Wakati wa mvua, kiyeyusho kinaporuka kinaipoza rangi, unyevu wa hewa unatua juu yake, na boneti inapata wingu jeupe. Ngoja saa ambazo jua limekausha hewa. Kiangazi wingu hilo halisumbui, ila vumbi letu jekundu linaingia kila mahali: nyunyiza maji sakafuni kabla ya kupuliza, kisha funika kigari kwa ndoo safi.

Usimalize pesa yote kwenye vanishi. Bakiza ya msasa wa maji namba 1500, 2000 na 3000, na ya polishi laini ya magari. Vanishi ya tatu iliyosuguliwa vizuri inaishinda ya kwanza iliyoachwa kama ilivyotoka koponi. Laka iache wiki nzima, kisha weka pua karibu na paa: ikiwa bado inanuka, bado haijakauka. Sugua na maji yenye sabuni kidogo, kwa mkono mwepesi. Kingo za milango na ncha za boneti zibandike utepe kwanza, maana hapo rangi ni nyembamba na msasa unafika kwenye plastiki kabla hujastuka.