Rivyu: vitu vya kumtunza paka anayeondoka, kipi kinasaidia na kipi ni hela ya kutupa

Hii ni rivyu ya huduma moja na vitu kadhaa nilivyonunua kwa ajili ya Chausiku, paka wangu mweusi wa miaka 16 aliyekua na ugonjwa sugu wa figo, umefika mwisho kabisa. Naandika kwasababu kila anayeuza vitu vya wanyama wagonjwa anaweka picha ya paka mnene anajilamba mdomo na maneno "mfurahishe siku zake za mwisho", halafu ukinunua unakuta mgonjwa wako hagusi. Paka mwenye figo anafika kwenye sahani, ananusa, anameza mate mara mbili tatu, anageuka anaenda kulala. Watu wanadhani anadeka anataka kitu kitamu zaidi kumbe ana kichefuchefu, na hapo hata umletee nini hali.

Kwahiyo nyota za kwanza, 4 na nusu, haziendi kwenye chakula, zinaenda kwa daktari wa wanyama anayekuja nyumbani. Sitaji jina, ila naelezea alivyofanya kazi ili ujue cha kutafuta kwa huyo utakayempata wewe. Alipoingia hakufungua begi, alikaa chini sakafuni karibu na mlango akawa anamuangalia tu Chausiku kwa mbali huku ananiuliza maswali, anakunywa maji mara ngapi, anapanda bado kitandani au anabaki chini, mkojo anakojoa wapi, analala kajikunja au kajiinua kwenye viwiko. Mi nilitegemea atamshika ampime haraka aondoke. Baadae ndo akaniambia paka huwa anaficha maumivu, ukimkamata tu kashajikaza wote na huoni kitu, afadhali umuangalie akiwa hajui anaangaliwa. Akanionyesha na picha za kile kipimo cha uso wa paka ambacho watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walikitoa 2019, unaangalia vitu vitano, masikio yamekaaje, macho yamebanwa kiasi gani, mdomo umekaza au umelegea, masharubu, na kichwa kipo juu au kimeshuka chini ya mabega, kila kimoja unakipa 0 mpaka 2. Ukishazoea huhitaji hata karatasi, unaona tu leo macho yamekua mistari.

Halafu akasema, "Dada, tuache kwanza habari ya atakula nini, tumtoe kichefuchefu." Figo zikishindwa kuchuja, uchafu unabaki kwenye damu, unaisumbua ile sehemu ya ubongo inayoleta kutapika na tumbo lenyewe nalo linachafuka. Akampiga sindano ya maropitanti, ambayo ni dawa ya kuzuia kutapika, na akaniachia mafuta ya mirtazapini ya kuamsha hamu ya kula. Hayo mafuta yalipitishwa Marekani 2018 maalum kwa paka, unapaka kidogo upande wa ndani wa sikio, leo kulia kesho kushoto, na LAZIMA uvae glavu maana yanapita kwenye ngozi yako pia. Nyota 5 bila kujiuliza, hasa kwa paka ambaye ukimshika taya umpe kidonge mnagombana nyumba nzima. Kasoro yake ni kwamba wengine yanawafanya wapige kelele na kuzunguka zunguka usiku, wangu alikua anaongea na ukuta saa nane za usiku, tukampunguzia dozi kwa maelekezo ya dokta akatulia. Usimpimie mwenyewe, figo zikiwa mbovu dawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi.

Dripu ya chini ya ngozi nayo alinifundisha mpaka nikaweza. Unaiweka mfuko kwenye maji ya uvuguvugu kwanza ili isimuingie baridi, unanyanyua ngozi ya katikati ya mabega mpaka inakua kama kihema, sindano inaingia pale chini ya mkunjo, unaachia maji. Anaota nundu, na nundu inashuka taratibu kuelekea mguu mmoja, usishtuke, inanyonywa yenyewe ndani ya masaa. Wakati huo ndo wa kumpa kitu cha kulamba kama anakubali. Nilichokatia nyota nusu kwenye huduma nzima ni simu, mchana anapokea vizuri ila usiku haipokelewi, na ugonjwa unapenda kuzidi usiku. Muulize mapema, ikitokea saa tisa usiku nampigia nani? Akikosa jibu tafuta kliniki ya usiku ujue ilipo kabla hujaihitaji.

Sasa vitafunwa. Vile vijipakiti virembamba vya nyama laini unavyobana kama dawa ya meno, nyota 4 na nusu. Hivi ndo vilifanya kazi, ila baada ya kichefuchefu kuondoka, kabla ya hapo alikua anavikimbia kama vingine vyote. Siri yake ni kupasha, unakitumbukiza kipakiti kwenye glasi ya maji ya moto kidogo tu kifikie joto la mwili wake, paka joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, hapo harufu inapanda na paka anakula kwa pua kabla ya ulimi. Toka kwenye friji moja kwa moja hatagusa. Unaweka tone moja kwenye sahani bapa, sio bakuli lenye kingo ndefu, au kwenye kidole, akimaliza unaweka lingine. Chausiku alikua anaanza na ncha ya ulimi tu, kama anajaribu, anasimama, ananiangalia, halafu ndo anarudi kwa nguvu mpaka meno yanagonga kidole. Nusu ya kipakiti ilikua siku nzuri. Wanaosema "anamaliza boksi zima" wana paka wazima.

Kitu kimoja sana sana, usifiche dawa chungu ndani ya hicho kitafunwa. Najua ndo mnavyofanya wote. Paka akiunganisha ladha fulani na uchungu au na kutapika anaweza kuikataa moja kwa moja, na ukishapoteza kitu pekee anachokula umebaki na nini? Kwa sababu hiyo hiyo lile bomba la plastiki la kumlisha kwa nguvu lililokuja bure na vikopo niliweka kabatini. Dokta alisema kumsukumia chakula paka mwenye kichefuchefu ni kumfundisha kuchukia chakula, na kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Vikopo vya chakula cha wagonjwa, vile vya nguvu nyingi kwenye ujazo mdogo, nyota 3. Ni laini, vinafaa, lakini kikopo ni kikubwa kwa mnyama anayekula vijiko viwili na kikishafunguliwa hakikai siku nyingi hata kwenye friji, kwahiyo unatupa kuliko anachokula. Kingekua na saizi ndogo ningekipa 4. Chakula maalum cha figo kile chenye fosforasi kidogo ni kizuri sana ugonjwa ukiwa mwanzoni, kinaongeza muda kwelikweli, ila kwa hatua yetu dokta alisema bora ale kisichofaa kuliko alale njaa na kinachofaa, maana paka akikaa siku kadhaa bila kula mafuta yanajaa kwenye ini na hilo ni tatizo jingine jipya juu ya lile. Nikaachana nacho na roho ikatulia, tukawa tunampa samaki, kuku wa kuchemsha asie na chumvi wala kitunguu, chochote anachokinyooshea shingo.

Vile biskuti vya "asali na matunda kwa wapendwa wetu wazee", nyota 1, hiyo moja ni ya boksi zuri. Paka hasikii utamu wa sukari. Jeni ya kipokezi cha utamu kwao ilishakufa, wanasayansi waliionyesha hiyo 2005, sasa asali unamuwekea nani kama sio wewe mnunuzi. Na kuna duka moja la mtandaoni liliniuzia vidonge vya mitishamba vya "kufufua figo". Nyota 0. Figo ikishakufa sehemu haifufuki, hiyo haina mjadala, na nilipowaandikia niulize viambato ni nini kwasababu lebo haisemi wakanijibu kwa picha ya ua na mikono inaomba. Hela hawakurudisha. Mtu ambaye mnyama wake anakufa ananunua chochote na wao wanajua, ndo kinachoniudhi.

Joto. Mkeka wa umeme wa kupasha, nyota 5 ila kwa masharti, uweke joto la chini kabisa, uufunike na kitambaa kinene, na uweke nusu tu ya sehemu anayolala ili akiona moto ahamie upande wa pili, mnyama dhaifu asiyeweza kujigeuza anaungua na halii. Paka mwenye figo anakonda, mafuta ya kumkinga baridi hana tena, utamkuta amejibana kwenye friji kwa nyuma ambako injini inapasha. Godoro la povu la "mifupa" lenye jina la mnyama lililodariziwa pembeni, nyota 2, alilikalia mara moja akahamia kwenye boksi la katoni lililoleta godoro lenyewe. Trei ya mchanga yenye mdomo mfupi mbele, nyota 5, hii watu wanaisahau wanakazana na chakula, wakati kumuondolea aibu ya kujikojolea ndo starehe kubwa kwa kiumbe kinachopenda usafi vile. Ukikosa ya kununua kata trei ya zamani upande mmoja. Na kwa kuwa aliacha kujilamba nilikua namfuta na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mdomoni, chini ya mkia, alikua anafumba macho anainua kidevu. Hiyo haiuzwi.

Wenye mbwa najua mnasoma na mnataka kujua habari ya karamu ya mwisho, maana mbwa wengi wanakula mpaka siku ya mwisho na kishawishi cha kumpa kila kitu kinakua kikubwa. Mpe, lakini chagua. Mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuvimbisha kongosho na hayo maumivu sio ya kumpa mtu unayempenda wiki ya mwisho. Zabibu, kitunguu, vitunguu saumu, pipi au siagi ya karanga yenye zailitoli (kile kitamu cha badala ya sukari), mifupa iliyopikwa, hapana. Chokoleti ina teobromini na inamtesa mbwa, ila kuna madaktari wanaweka kibakuli cha chokoleti kwenye chumba cha kuagana, mbwa anapewa kipande dakika zile za mwisho kabisa kwasababu sumu yake inahitaji masaa na hayo masaa hayapo. Hiyo naikubali, ila ni pale daktari yuko mbele yako na sindano tayari, sio "kesho atakuja". Na panado kwa paka jamani ni sumu, hata kipande, usimhurumie kwa kidonge chako.

Karatasi ya alama za ubora wa maisha, bure, nyota 4. Ni ile ya Dkt. Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, ina vitu saba, maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya, kila kimoja 0 mpaka 10 na jumla ikizidi 35 mnaweza kuendelea. Mi jumla haikunisaidia sana kwasababu unaweza kudanganya jumla, unampa 8 ya furaha kisa amekuangalia. Kilichosaidia ni kuona mstari wa njaa umeshuka siku zinafuatana hata na dawa zote zile, na ule wa usafi nao ukafuata. Nikampigia dokta nikamwambia naona imefika, akasema na yeye alikua anasubiri nimwambie.

Siku yenyewe alinieleza kila hatua kabla hajaigusa. Kwanza sindano ya usingizi chini ya ngozi, unasubiri mpaka alale kabisa, ndo inafuata pentobabitali inayosimamisha moyo. Alinionya macho hayafungi, anaweza kuvuta pumzi moja mbili baada ya moyo kusimama au mguu ukacheza, mkojo unaweza kutoka, kwahiyo tandika taulo, na hakuna anachosikia hapo. Niliuliza kama anaweza kupewa kipakiti chake, muulize na wewe maana dawa nyingine za usingizi zinatapisha, akasema kwa hii anayotumia alambe tu. Alikua analamba wakati sindano inaingia, hakugeuza hata shingo.

Alikaa hakukimbilia kukusanya vifaa, akamruhusu paka wetu wa pili aje anuse. Vikopo ambavyo havijafunguliwa nimepeleka kwa watu wanaookoa paka, mafuta ya sikio na dripu nimemrudishia dokta. Jirani ana mbwa mzee ameanza kuacha chakula, namba nimeshampa, na nimemwambia asinunue biskuti yoyote mpaka dokta aje kumuona.